Anga Yetu Isiwe ya Kupangisha Tu

Alfajiri ya tarehe 28 Februari, 1997, zikiwa zimesalia kama dakika mbili kutimia saa 12, chombo cha Kitaliano kiitwacho BeppoSAX, kilichokuwa kikiizunguka dunia karibu na mstari wa Ikweta, kilinasa mmweko wa miale ya gama kutoka mbali mno angani. Miale hiyo haionekani kwa jicho, wala haifiki ardhini, kwa sababu hewa inayotufunika huizuia. Ni lazima ikingwe huko huko juu. Chombo kile kiliihifadhi habari ya mmweko ule, na kama ilivyokuwa desturi yake kila kilipomaliza mzunguko mmoja wa dakika 97 hivi, kikapita juu ya pwani ya Kenya. Hapo kilipata kama dakika 10 za kuyatoa yote kiliyoyaona, nayo yakapokewa na antena zilizoko Ngomeni, kaskazini ya mji wa Malindi, kisha yakapelekwa hadi Rome. Baada ya muda wa saa 8 chombo kikageuzwa na kuelekezwa mahali pale palipomweka, na kamera zake za eksirei zikakuta jambo ambalo halijapata kuonekana tangu binadamu aanze kuchunguza habari hizi: kaa la moto lililokuwa likififia pole pole. Kabla siku moja haijatimia, darubini kubwa iliyoko katika kisiwa cha La Palma ikapiga picha ya mahali hapo na kuiona nuru yake.

Tunaanza na kisa hiki kwa makusudi. Kwa miaka mingi wataalamu wa dunia walikuwa wakibishana juu ya mimweko hiyo bila ya kupata jibu, na jibu lilipokuja lilipitia pwani ya Waswahili. Ndugu zetu wa Unguja watuwie radhi hapa, maana Malindi tunayoitaja si ile ya bandarini kwao bali ni ile ya Kenya, ambayo wazee wa Pemba wanaijua vizuri kwa safari za majahazi. Lakini ukaribu huo ndio unaotuuma. Jambo lililoandikwa katika vitabu vya elimu ya nyota duniani kote limetokea jirani kabisa na Pemba, na sisi Watanzania hatukuwa na mtu pale, wala chombo, wala hata somo moja la shule lililowaeleza watoto wetu kwamba limetokea.

Huenda msomaji wa visiwani akajiuliza gazeti la huku Songea, katikati ya milima na mashamba ya mahindi, lina haja gani ya kumsemesha yeye juu ya nyota. Haja ipo. Huku Ruvuma tunayo anga yenye giza ambayo nchi nyingi zimekwisha kuipoteza. Visiwani upo ujuzi, mchungu kidogo, wa kukaribisha mitambo ya namna hii. Na Serikali, ya Muungano na ya Mapinduzi Zanzibar, ndiyo yenye funguo. Kila mmoja akibaki na kipande chake mkononi, hapana kitakachofanyika.

Ni vyema kwanza tueleze jambo lenyewe ni nini. Mwaka 1963 mataifa makubwa yalitia sahihi mkataba wa kutojaribu silaha za nyuklia hewani, baharini na angani. Kwa kuwa hawakuaminiana, Marekani ikaweka juu setilaiti zilizoitwa Vela ili zivizie miale ya gama ambayo bomu la namna hiyo hutoa linaporipuka. Tarehe 2 Julai, 1967, miezi mitano tu baada ya Azimio la Arusha, walinzi hao wa angani wakaona mmweko ambao haukufanana na bomu. Baadaye wakaona mwingine, na mwingine tena. Haukutoka duniani, wala haukutoka kwenye jua. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 1973, na mimweko 16 ikaelezwa. Hivyo chombo kilichowekwa kwa ajili ya kushukiana kikawapa wanadamu mojawapo ya mafumbo makubwa ya karne, na huenda hiyo ndiyo faida pekee ya kushukiana tuliyopata kuisikia.

Aprili 1991 Marekani ilirusha darubini nyingine ya angani, iliyopewa jina la Compton, nayo katika miaka tisa ikahesabu mimweko 2,704, yaani karibu mmoja kila siku. Ilionekana kwamba inatoka kila upande wa mbingu kwa usawa, haikulundikana katika ule utepe mweupe wa nyota tunaouona usiku. Wenye kusema kwamba inatoka mbali sana wakapata nguvu, lakini wenye kusema inatoka karibu hawakukubali kushindwa, kwa kuwa hapana aliyekuwa amepima umbali wa hata mmweko mmoja. Ndipo kikaja kisa cha Februari 1997 tulichokieleza, na baada yake kikaja cha tarehe 8 Mei mwaka ule ule, ambacho nacho kilinaswa na BeppoSAX. Safari hii darubini ya Keck, katika visiwa vya Hawaii, iliweza kuipima nuru iliyobaki, na ikabainika kwamba imesafiri kwa miaka mabilioni kabla ya kutufikia. Ubishi ukaisha.

Leo inafahamika kwamba mimweko mirefu, ile inayozidi kama nukta mbili, hutokea nyota kubwa sana inapoishiwa na moto wake ikajiporomokea kwa ndani na kuwa shimo jeusi. Mingi ya ile mifupi hutokana na nyota mbili zilizokufa, ndogo lakini nzito kupita kiasi, zinazozungukana hadi zigongane. Katika nukta chache hutoka nguvu ya kiasi kinacholingana na chote ambacho jua letu litakitoa katika maisha yake yote. Tarehe 17 Agosti, 1997 isingewezekana kujua hayo. Tarehe 17 Agosti, 2017 iliwezekana, maana siku hiyo mtikisiko wa mgongano wa namna hiyo ulisikika katika mitambo ya Marekani na Italia, na nukta 1.7 baadaye darubini ya Fermi ikauona mmweko wake. Wataalamu walipoichunguza nuru iliyofuatia walikuta dalili za madini mazito yakizaliwa. Inaaminika kwamba sehemu kubwa ya dhahabu iliyomo duniani asili yake ni matukio kama hayo. Mchimbaji wa Geita, na wale wanaokwangua mchanga katika mito ya Mbinga, wanaokota mabaki ya mgongano wa zamani uliotokea kabla dunia yenyewe haijakuwapo.

Sasa turudi pwani, kwa sababu hapo ndipo penye hoja yetu. Katika Ghuba ya Ungwana, mbele ya Ngomeni, Waitaliano chini ya Profesa Luigi Broglio walisimamisha majukwaa ya chuma baharini na kuyaita San Marco. Kati ya mwaka 1967 na 1988 setilaiti 9 zilirushwa kutoka hapo hadi zikafika kwenye njia zake angani. Ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kwa ajili ya kuchunguza nyota za eksirei ilipaa tarehe 12 Desemba, 1970, siku Wakenya walipokuwa wakiadhimisha uhuru wao, na kwa heshima ya siku hiyo na ya watu wa nchi hiyo ikaitwa Uhuru. Sisi wa magazeti, ambao jina hilo tunalijua pia kwa mwenzetu wa Dar es Salaam, tunaona fahari kwamba neno la Kiswahili limo katika orodha za nyota: vyanzo 339 vya eksirei ilivyoviorodhesha setilaiti ile vinatambulika kwa herufi ya kwanza ya jina hilo. Kiongozi wa utafiti ule, Riccardo Giacconi, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Miaka miwili baada ya Uhuru, katika Novemba 1972, ilirushwa kutoka majukwaa yale yale setilaiti ya pili, SAS-2, na hii kazi yake ilikuwa miale ya gama hasa. Haikuishi sana, umeme wake uliharibika Juni 1973. Lakini katika miezi saba hiyo ilionyesha kwamba mbingu za gama zina nyota zake, njia zake na mafumbo yake.

Kwa nini Malindi na si kwingineko? Si kwa sababu ya samaki wake. Dunia inapojizungusha, watu wa Ikweta ndio wanaokwenda mbio zaidi, kilometa zipatazo 1,670 kwa saa, na roketi inayoondoka hapo kuelekea mashariki huchukua mbio hizo bure. Tena chombo kinachozunguka juu ya Ikweta huepukana kwa sehemu kubwa na eneo moja la juu ya Atlantiki ya Kusini lenye chembe nyingi za umeme, ambazo huzifanya darubini za gama zione vitu visivyokuwapo. Na kila mzunguko lazima chombo hicho kipite juu ya watu wale wale. Watu hao ni sisi: wa Kenya, wa Pemba, wa Mafia na wa Ruvuma. Hii ni mali, kama ilivyo mali bandari yenye kina kirefu. Tofauti ni kwamba bandari tunajua kuitoza ushuru.

Visiwani wanalo la kueleza juu ya mali hiyo. Kabla ya uhuru, Marekani ilijenga Unguja, katika eneo la Tunguu, kituo kimojawapo cha kufuatilia vyombo vya Mercury. Tarehe 20 Februari, 1962 John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu, alipita juu ya Zanzibar na sauti yake ikasikilizwa kutoka hapo. Kituo kile hakikukaa kwa raha. Wananchi walikipinga na kuandamana, wengi wakihofu kwamba kilikuwa mlango wa makombora, na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 kikafungwa mwaka huo huo na mitambo ikaondoka. Hatuna nia ya kufufua ugomvi wa zamani. Hofu ya watu ilikuwa na sababu zake katika siku zile, na hapana aliyejitaabisha kuwaeleza sawasawa. Tunachouliza ni hiki: kilipoondoka, kiliacha nini? Kilimwachia nani ujuzi wa kusoma ishara zile? Ardhi ilikuwa ya Zanzibar, anga ilikuwa ya Zanzibar, lakini maarifa yalikuja na masanduku na yakaondoka na masanduku. Leo katika Tunguu hiyo hiyo yapo majengo ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Sisi tunaona kwamba hapana mahali panapostahili zaidi kurudishiwa elimu ile kuliko hapo.

Wenzetu wa Kenya nao hawakuridhika kwa miaka mingi na sehemu waliyokuwa wakipata kutokana na Malindi. Walibishana, wakangoja, wakabishana tena, na mwaka 2016 mkataba mpya na Italia ukatiwa sahihi, ukiwa na mambo ya mafunzo, ya matibabu kwa njia ya mawasiliano, na ya kuzipata picha za ardhi zinazopigwa kutoka angani. Mwaka 2018 setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyofanywa kwa kushirikiana na chuo cha Sapienza cha Rome, ikaachiliwa angani, na mwaka 2023 ikafuata ya pili, Taifa-1. Uganda ilikuwa imekwisha kurusha ya kwake mwaka 2022, na Rwanda mwaka 2019. Hatuwaonei wivu. Lakini Jumuiya ya Afrika Mashariki ni yetu pamoja, na hatujui kwa nini kijana wa Chake Chake au wa Namtumbo asiweze kwenda kujifunza Malindi kama anavyokwenda kujifunza Nairobi.

Wapo watakaosema kwamba darubini ya angani ni jambo la matajiri, na kwamba nchi yenye shule zisizo na madawati haina haki ya kuota nyota. Hoja hii tunaiheshimu, maana madawati hayo hata huku kwetu ni haba. Lakini anayeisema afahamu mambo mawili. Kwanza, hatuombi kurusha darubini. Darubini za kuvizia mimweko zimekwisha kurushwa na wengine. Iitwayo Swift, iliyopaa tarehe 20 Novemba, 2004, habari zake nazo zimekuwa zikishukia Malindi mara kadhaa kila siku. Namna yake ya kuona ni rahisi kueleweka kwa mtu yeyote aliyekaa chini ya paa la makuti. Jua linapopenya kwenye matundu ya paa, huchora madoa ya nuru sakafuni, na kadiri jua linavyosogea madoa nayo husogea. Mtu mwenye makini anaweza kuyatazama madoa tu akajua jua liko upande gani. Swift ina paa lake la vipande vya risasi zaidi ya 50,000, vilivyopangwa bila ya mpangilio unaojirudia, na chini yake ipo sakafu inayohisi miale ya gama. Mmweko ukitokea, kivuli cha vipande vile huanguka sakafuni, kompyuta hukisoma kivuli, na kwa muda wa dakika moja au mbili chombo kizima hujigeuza chenyewe kulitazama kaa lingali la moto.

Jambo la pili ndilo kubwa zaidi. Mara chombo kinapouona mmweko, habari ya mahali ulipo hutawanywa duniani kote kwa njia ya mtandao, katika nukta chache, bila malipo, kwa yeyote aliyejiandikisha. Hatumlipi mtu wala hatuna mtu wa kumpigia magoti. Na kumbukumbu zote za Swift na za Fermi zimewekwa wazi kwa kila mtu. Mwanafunzi aliyeko Matogoro, mwenye kompyuta ya kawaida na mtandao unaokwenda, anaweza kuzichukua, akachora jinsi mmweko ulivyopanda na kushuka, akapima ulidumu nukta ngapi, akatenganisha miale yenye nguvu na ile dhaifu, na akajua kama alichokiona ni kifo cha nyota kubwa au ni mgongano wa nyota mbili. Hiyo ndiyo kazi yenyewe ya uchambuzi. Profesa wa Ulaya naye huanza hapo hapo.

Kinachokosekana duniani ni macho ya ardhini yaliyoenea. Tarehe 19 Machi, 2008 ulitokea mmweko ambao nuru yake, ingawa ilitoka umbali wa miaka ya nuru bilioni 7.5, ingeweza kuonekana kwa jicho tupu kwa nusu dakika hivi mahali penye giza. Huku kwetu ilikuwa saa 3 asubuhi na jua limekwisha kupanda. Siku nyingine itakuwa usiku kwetu na mchana kwao, na hapo nani atatazama? Kusini ya Afrika wapo wenye darubini za Sutherland, na Namibia ipo mitambo ya H.E.S.S. ambayo imekwisha kunasa miale ya mimweko yenye nguvu ya ajabu. Wafaransa wameweka darubini ndogo inayojiendesha yenyewe huko Les Makes, katika kisiwa cha Réunion, ndani ya bahari yetu hii hii ya Hindi. Mdomo wake haufiki hata sentimita 20, lakini ikipata habari hujigeuza na kutazama. Chombo kiitwacho SVOM, kilichorushwa na Uchina na Ufaransa mwezi Juni 2024, kimezungushiwa antena ndogo zipatazo 50 katika ukanda wa joto wa dunia, ili habari zake zisichelewe. Mambo haya si makubwa kupita uwezo wetu. Darubini yenye kioo cha sentimita 40 au 50, nyumba ndogo yenye paa la kuteleza, betri za jua na mafundi wanne waliofunzwa vizuri: tunaambiwa daima kwamba nchi ni maskini, lakini magari ya mikutano tunayaona.

Manufaa ya nje ya elimu yenyewe nayo yapo, ingawa hatupendi kuyatanguliza, kwa kuwa elimu ina thamani hata isipozaa senti. Kampuni iliyotengeneza vyombo vya setilaiti Uhuru ndiyo iliyokuja kutengeneza mitambo ya eksirei ya kukagulia mizigo viwanjani na bandarini. Miale ya gama ndiyo ambayo wagonjwa wetu wa saratani wametibiwa nayo katika Taasisi ya Ocean Road. Fundi anayejua kuihisi na kuipima hatakosa kazi. Na tarehe 9 Oktoba, 2022, saa 10 na robo jioni kwetu, ulipita mmweko mkali kuliko yote iliyopata kupimwa, ambao wataalamu wanakisia hutokea mara moja katika miaka 10,000. Ulitoka umbali wa kama miaka ya nuru bilioni 2.4, na hata hivyo ulilivuruga tabaka la juu la hewa yetu, lile linalorudisha mawimbi ya redio.

Hatutaki kuificha upande wa pili. Anga ya Ruvuma si safi mwaka mzima. Kuanzia Novemba hadi Aprili mawingu hutawala, na katika miezi ya kiangazi, ambayo ingekuwa bora, moshi wa kuchoma mashamba na misitu hufunika mabonde hata mwezi ukawa mwekundu kama shaba. Ndiyo maana tunataka kwanza upimaji ufanyike kwa mwaka mzima, katika vilima vya Matogoro, katika nyanda za juu za Umatengo, na popote penye urefu wa kutosha, ili tujue ni usiku mangapi tunao kweli. Yasije yakajengwa majengo ya fahari yakaja kuwa makazi ya popo.

Tena mji unakua, nasi tunafurahi kwamba umekua. Tangu gridi ya Taifa ifike Songea, taa zimeongezeka, na nyingi zimeelekezwa juu zikiwamulikia ndege. Taa inayomulika mbingu ni umeme uliopotea, na mteja ndiye anayeulipia. Kisiwa cha La Palma, kile kilichoiona nuru ya mmweko wa 1997, kimelindwa na sheria ya Hispania ya mwaka 1988 inayosema taa za barabarani ziweje na zielekee wapi. Watu wa La Palma hawakai gizani. Wanavua, wanalima ndizi, wanapokea wageni, na hao wageni wengine huja kwa ajili ya nyota. Ndugu zetu wa Pemba na Mafia, ambao bado wana fukwe zenye giza na kasa wa kutaga mayai wanaosumbuliwa na taa, wana sababu mara mbili za kuitazama sheria hiyo kabla hoteli hazijajaa.

Na liwepo onyo la kisiwa kingine. Katika Hawaii, palipopimwa umbali wa mmweko kwa mara ya kwanza, wenyeji wenye asili ya visiwa vile walifunga barabara ya mlima Mauna Kea mwaka 2015 na tena mwaka 2019, kupinga darubini mpya kubwa katika mlima wanaouona mtakatifu. Sisi wa Songea tunayo makaburi ya mashujaa wa Maji Maji na vilima vyenye matambiko; tunajua kwamba mlima si jiwe tupu. Mpimaji atakayekuja na aanze kwa wazee, kabla ya kuanza na kamba.

Tunaloliomba kwa viongozi wetu linatimizika. Tume ya Sayansi na Teknolojia ikae na vyuo vikuu vya Dar es Salaam, Dodoma, Chuo Kikuu Huria na kile cha Tunguu, wagawane kazi: visiwani iwekwe antena ya kupokea na watu wa kuchambua, huku bara iwekwe darubini. Wizara za elimu za pande zote mbili ziombe, kwa njia ya Jumuiya, nafasi za vijana wetu katika kituo cha Malindi. Mabaraza ya Kiswahili, la Taifa na la Zanzibar, yatutafutie maneno. Tumeandika makala haya kwa kuazima mmweko na mripuko huku na huku, na hatuna hakika wanafunzi watatumia lipi. Na mkataba wowote utakaotiwa sahihi na wageni juu ya ardhi au anga yetu uandikwe ndani yake, kwa idadi, ni Watanzania wangapi watafunzwa, katika kazi zipi, na katika muda gani, tena kifungu hicho kisomwe hadharani Dodoma na Chukwani.

Bunge la bajeti huanza Aprili. Kabla ya hapo, ofisa mmoja kutoka Dodoma na mwingine kutoka Unguja wanaweza kusafiri hadi Ngomeni, wakaangalia antena zile kwa macho yao, wakawauliza Wakenya waliofanya kazi hapo miaka mingi yale waliyojifunza na yale waliyonyimwa, na wakarudi na taarifa. Tutaichapa taarifa hiyo katika ukurasa huu, yote, bila ya kuipunguza.